L24 si L28, hata zikifanana

Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya vipuri, utaambiwa: “Injini za Datsun za L, kama L24 na L28, ni ndugu, vipuri vinaingiliana.” Vinaingia, ndiyo, na hapo ndipo watu huumia. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya L28 hukaa vizuri ndani ya bloku ya L24, ile injini ya 240Z iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Lakini mwendo wa pistoni wa L24 ni milimita 73.7, wa L28 ni 79. Ukibakiza konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) na pistoni za zamani, kila pistoni itapanda nusu ya tofauti hiyo, milimita 2.65 zaidi, na kugonga silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda.

“L24” iliyogongwa kwenye bloku inataja bloku tu, si kilichomo ndani. Fungua, pima kwa kalipa. Na kofia ya konrodi, kipande cha chini kinachoibana kwenye krenki, tafadhali, usiifunge kwenye konrodi nyingine: vilichongwa pamoja.