Ati moa ya betri ni ya watoto? Maneno ninayosikia Nakuru na vile mambo yako kweli

Siku niliteremsha moa ya betri kwa gari hapa Kiamunyi, jirani alisimama kwa geti akaiangalia vizuri kisha akaniuliza, "Sasa hiyo ya watoto utakata nayo nini?" Mimi hukata nyasi za watu wikendi, Section 58, Milimani, London (hii yetu ya Nakuru, sio ya Uingereza), na miaka yote nimekuwa mtu wa petroli, kwa hivyo sikumkasirikia, hata mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo. Lakini tangu ninunue nimesikia maneno mpaka nikaona wacha niyaandike, juu mengine ni uongo mtupu na mengine ni ukweli nusu, na hayo ya nusu ndio yanaharibia watu pesa.

Tuanze na hiyo ya jirani. Betri haina nguvu.

Kwa makaratasi petroli inashinda, hilo sitabisha. Lakini mota ya umeme inatoa nguvu yake ya kuzungusha pale pale inapoanza, haingoji kupanda mwendo kama injini, na hizi mota mpya zisizo na brashi zikihisi nyasi imekuwa nzito zinavuta stima zaidi zenyewe. Kompaundi inayokatwa kila wiki mbili hutaona tofauti yoyote. Mahali utaiona ni ile ploti mwenyewe alienda Nairobi Machi akarudi Juni, mvua ndefu imenyesha yote, nyasi ya Kikuyu imelala juu ya nyingine mpaka ukikanyaga unazama kama kwa godoro. Hapo moa ya betri inamaliza chaji haraka na saa zingine inajizima ikijilinda isiungue. Mimi huinua bledi mpaka juu kabisa, nakata raundi ya kwanza, kisha naishusha narudia, na ikiwa mbaya zaidi natoa slasha kwanza, hakuna aibu.

Ya pili ni pesa, na hapa watu wa betri ndio hudanganya. Utasikia ati ukiacha petroli unaokoa maelfu. Wacha tupige hesabu pole pole. Petroli saa hii inazidi shilingi 170 kwa lita, na moa yangu ya zamani ilikuwa inakula kama nusu lita kwa saa. Betri yangu ni ya wati-saa 280 (hicho ni kipimo cha stima yote inayobeba), ukiongeza ile kidogo inapotelea kwa chaja unapata kama theluthi ya yuniti, so ni kama shilingi kumi za tokeni kuijaza. Inasikika tamu sana. Lakini hiyo betri hainifikishi saa nzima, inanipa dakika 35 ama 40 nyasi ikiwa fupi, kwa hivyo linganisha shilingi kumi na kama sitini za petroli. Unaokoa hamsini kila ukikata. Kama ni kompaundi yako tu, mara mbili kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,200 kwa mwaka, na betri mpya huinunui na hiyo pesa hata ukingoja miaka. Mwenye anaona faida ni mtu anakata kila siku, na hata huyo faida yake kubwa sio mafuta, ni zile safari za kwa fundi, kabureta imeziba juu petroli ilikaa ndani miezi tatu, plagi, oil, kamba ya kuvuta imekatika asubuhi na mteja anakungoja. Hizo zote zimeisha. Bledi bado utanoa, hiyo haina petroli wala betri.

Sasa tufike kwa ile inaniuma.

Watu wanaamini volti nyingi ndio nguvu nyingi, na wauzaji wanajua mnaamini hivyo. Shemeji yangu wa Mamboleo, Kisumu, alinunua ile mashine ndogo ya kukata ua wa miti na kingo za nyasi, bei ya kutupa, betri imeandikwa 388VF kwa herufi kubwa. Akanipigia simu akinicheka ati mimi na betri yangu ya volti 56 nimepigwa. Wiki mbili baadaye mashine haikati hata jani la mchai. Nilipoenda huko tukafungua hiyo betri na bisibisi, tukahesabu seli ndani. Tano. Seli moja ya lithiamu ya aina hiyo ni volti 3.6 kwa kawaida na 4.2 ikiwa imejaa kabisa, kwa hivyo seli tano zikipangwa kwa laini ni volti 18, na zikijaa tiii ni 21. Hiyo 388VF sio volti, ni maandishi tu, wamebandika hapo uone namba kubwa. Na hata kwa kampuni za maana kuna mchezo kidogo, "20V" na "18V" mara nyingi ni kitu kimoja, mmoja amehesabu ikiwa imejaa na mwingine amehesabu ya kawaida. 40 na 36 pia ni hivyo hivyo.

Kitu cha kuangalia ni wati-saa. Kama haijaandikwa, zidisha volti za kweli na ampea-saa, ile namba iko na Ah kwa betri. 18 mara 2 ni 36, 36 mara 4 ni 144, 56 mara 5 ni ile 280 yangu. Hiyo ndio tangi lako, hizo zingine ni rangi. Na ukitaka kushika mwongo kwa haraka, jua seli zile za kawaida za 18650, zile zinakaa kama betri ya tochi lakini nono kidogo, nzuri kabisa hubeba kama ampea-saa 3.5. Kwa hivyo kabetri kadogo ka seli tano kameandikwa ampea-saa 20 kamekudanganya, hakuna vile. Ipime pia kwa mkono. Ikiwa nyepesi sana uliza maswali. Shemeji alirudi kwa hilo duka wakamwambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na mchezo ukaishia hapo.

Kingine, betri za kampuni moja haziingii kwa mashine za nyingine. Kwa hivyo ukinunua moa umechagua ukoo, angalia kama huo ukoo unauza na ile ya kukata ua na msumeno wa miti, na kama hapa Kenya betri yake inapatikana ikiwa peke yake.

Kuna wale wanasema lazima imalize chaji yote ndio uichaji tena. Hiyo ilikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Lithiamu haitaki hivyo, ichaji hata ikiwa nusu, na ukiiweka miezi mingi iache nusu nusu mahali pa baridi, sio stoo ya mabati Kisumu mchana. Ikitoka kwa kazi imepata moto, ngoja ipoe kwanza. Mambo ya kulipuka, ndio, ukitumia chaja si yake ama ukiitoboa inaweza kuwaka na moto wake ni mbaya, lakini huyo anayeniambia hivyo nimemwona akimwaga petroli kwa injini moto na sigara kwa mdomo.

Halafu kuna ile ya California. Watu wanasema huko moa za petroli zimepigwa marufuku, ukipatikana nayo unashikwa. Hapana. Sheria ilitiwa saini 2021, na tangu 2024 inazuia kuuza injini ndogo mpya za petroli za aina hiyo, yenye ulikuwa nayo unaendelea kuitumia. Sababu yao ni moshi. Mamlaka yao ya hewa inasema kutumia moa ya petroli ya kazi kwa saa moja kunatoa moshi wa kuchafua hewa ya mji sawa na gari ndogo mpya ikienda maili 300, hiyo ni kama Nairobi hadi Mombasa. Inazungumzia ule moshi unaowasha macho na kifua, sio gesi zote, watu huchanganya hapo.

Na ukimwambia mtu hivyo atakujibu ati stima pia ni moshi, umeuhamisha tu. Pengine kwa nchi za makaa ya mawe. Hapa kwetu sehemu kubwa ya stima ni mvuke wa ardhini, maji na upepo, na Olkaria yenyewe iko Naivasha, ndani ya kaunti yetu, na Menengai pale juu tunapoangalia kila asubuhi kuna mtambo wa megawati 35 tangu 2023. Jioni watu wakiwasha kila kitu mitambo ya mafuta huingia, ndio, lakini mimi huchaji usiku wa manane. Stima ikipotea usiku huo, kesho nachelewa kazi, hiyo siwezi kukuficha, ndio maana niko na betri ya pili.

Kelele nayo nilikuwa nadhani ni mambo ya wenye nyumba kubwa kutaka kulala Jumapili. Kumbe ni masikio yangu. Kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ikipanda 3 muda salama unakatwa nusu, kwa hivyo kwa 94 umebaki na saa moja tu. Moa nyingi za petroli ziko hapo karibu. Miaka yangu yote hiyo sikuwahi kuvaa kitu kwa masikio.

Ile ya petroli sijauza. Kuna shule moja upande wa Njoro hunipa uwanja wa mpira mara moja kwa muhula, nyasi mpaka magotini, na hiyo kazi betri zangu mbili hazifiki hata katikati ya uwanja. Jirani naye ameanza kuniomba hii ya watoto Jumamosi jioni.