Kinyonga habadilishi rangi ili afanane na ukuta

Wengi tumekua tukiamini kwamba kinyonga akiwekwa juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu. Hawi. Rangi yake ya kawaida tayari inafanana na majani anakoishi. Kinachoibadilisha ni joto, mwanga na hali yake: hasira, hofu, kutafuta mwenza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jinsi aina moja ya kinyonga wa Madagaska anavyofanya. Ngozini mna seli zenye fuwele (chembe zinazorudisha mwanga) ndogo mno za kemikali iitwayo guanini. Akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu. Mwanga huo ukipita kwenye rangi ya njano ya ngozi, sisi tunaona kijani. Akisisimka, fuwele huachana, naye hugeuka njano au mwekundu.

Kwa anayefuga kinyonga hili si dogo. Kinyonga wa pembe tatu, mwenyeji wa milima ya Kenya na Mlima Meru, anayefugwa hadi Marekani, akiwa mweusi asubuhi huenda anaota jua tu. Lakini akiwa mweusi, kajipanua, kaachama, na mkono wako unakaribia, anakufukuza. Kumshikashika kila siku "ili azoee" (imani nyingine hiyo) humtesa. Mlishe panzi kwa mkono, usimjie kwa juu kama mwewe, kisha mwache apande kiganja mwenyewe. Wengine hawapandi kamwe, na si ugonjwa. Maji nyunyizia majani. Ya bakulini huyanywa kwa nadra.