Kusi ya Shangani na mashine yako ya MIG

Juzi kijana mmoja aliniletea geti dogo la skwea paipu geji 16, kalichomelea mwenyewe kwa mashine mpya ya MIG, ile ya kuchomelea inayotoa waya yenyewe. Kila kiungo kimejaa vitundu kama mkate wa kumimina. "Fundi, nimeuziwa mashine mbovu." Mashine nzima kabisa. Alichomelea nje, Shangani hapa Mtwara, kusi inavuma kutoka baharini.

Waliozoea vijiti vya kuchomelea hukwama hapo. Kijiti kina unga wake, ukiungua unatoa moshi na gamba la kukinga chuma kilichoyeyuka. Waya wa MIG uko uchi, kinga yake ni gesi inayotoka kwenye tochi, ule mkono unaoshika kuchomelea. Upepo ukiipeperusha, hewa inaingia kwenye chuma na kuacha vitundu. Wala usikimbilie kufungulia mtungi: lita 10 hadi 15 kwa dakika zinatosha, ukizidisha gesi inavurugika na kuvuta hewa ileile. Mimi nazungushia turubai. (Vijana huniuliza kama ni gesi asilia yetu ya Msimbati. Jamani, ile inawaka! Hii ni kaboni dayoksaidi, au imechanganywa na agoni, na haiwaki.)

Kama ni lazima uchomelee nje, tafuta waya wenye unga ndani usiohitaji mtungi. Ila geuza nyaya za mashine: kwa waya wa gesi tochi inakaa chanya, kwa huu wa unga inakaa hasi. Wengi husahau, wakatukana waya.

Kwa paipu kama ile natumia waya wa milimita 0.8. Ncha ya shaba anakotokea waya na mfereji wa rola, gurudumu linalosukuma waya, viwe vya saizi hiyohiyo. Rola ikaze hadi waya utembee bila kusita, basi. Ukiikaza mno, siku waya utakapokwama mbele utajikunja ndani ya mashine kama tambi, na hapo umepoteza nusu saa. Ethi, kile kibano cha waya wa pili wa mashine, ibane kwenye chuma kilichopigwa grenda, si juu ya rangi.

Umeme na mwendo wa waya, anza na jedwali la mashine, halafu tumia masikio kwenye vipande vya mabaki. Sauti nzuri ni ya samaki kwenye mafuta yaliyochemka. Waya ukikusukuma mkono huku unapasuka paa-paa, unakimbia mno. Ukiungua hadi kuganda kwenye ncha, unachelewa. Paipu nyembamba shikiza nukta nukta, uiache ipoe, la sivyo utaitoboa.

Kofia iwe na kioo namba 10 au 11. Bomba lenye zinki lisage kwanza. Moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku.

Halafu hii chumvi ya hewa yetu. Ukifunga kazi, toa koili ya waya, ifunge kwenye mfuko wa nailoni. Ya yule kijana ilishaanza kutu, na hajamaliza hata geti moja.