Pikipiki Kuukuu Inayowaka Siku Ikitaka: Dhana Potofu na Ukweli

Pikipiki iliyokufa kabisa haimsumbui fundi. Inayosumbua ni ile inayowaka asubuhi kwa kiki moja, inagoma saa saba juani, kisha ikikokotwa hadi gereji inawaka kana kwamba haijawahi kukosa. Hapo ndipo vifaa vinapoanza kubadilishwa kwa kubahatisha: plagi leo, betri kesho, CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachoamuru cheche ya plagi) mwisho wa mwezi. Mwenye pikipiki anamaliza fedha, na ugonjwa uko palepale.

Tunazungumzia hasa pikipiki za ukoo wa Honda CG125, muundo ulioingia sokoni 1976 na kunakiliwa sana na viwanda vya China, hadi leo umejaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Ni injini ya silinda moja yenye kabureta na kiki, na matoleo ya baadaye yana stata ya umeme. Pikipiki nyingine za kabureta zina mantiki ileile, ila rangi za waya na vipimo vyake utavihakiki kwenye kitabu chake.

Kwanza kabisa, "inagoma" ni neno pana mno. Je, stata haizungushi injini? Au injini inazunguka lakini plagi haitoi cheche? Au cheche ipo, ila mafuta au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ndivyo havipo? Ni magonjwa matatu tofauti, na dhana nyingi zifuatazo huzaliwa kwa kuyachanganya.

Dhana: Indiketa zinawaka na honi inalia, kwa hiyo betri ni nzima.

Balbu ya indiketa ya wati 10 haili hata ampea moja. Stata inapoanza kuisukuma pistoni hutaka makumi ya ampea kwa mkupuo. Betri ambayo kiungo cha ndani kati ya seli na seli kimepata ufa inaweza kuonyesha volti 12.6 ikiwa imetulia, ikawasha indiketa kutwa nzima, kisha ikaanguka ghafla ukibonyeza stata. Kesho yake ufa ukigusana tena, inafanya kazi. Ndiyo maana betri kama hiyo hupita ukaguzi wa haraka mara nyingi.

Pima kwenye nguzo zenyewe za betri, si kwenye vibanio vya waya. Ikiwa imetulia saa kadhaa bila kuchajiwa, volti 12.6 na kuendelea imejaa, 12.4 imepungua kama robo, 12.0 iko karibu tupu. Sasa bonyeza stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ichaji kikamilifu kisha rudia. Ikianguka tena, imekwisha. Ikibaki juu ya 10.5 na stata haizunguki, iache betri, ugonjwa uko mbele yake.

Injini ikiwaka, ipandishe hadi mizunguko 5,000 hivi kwa dakika. Unatafuta volti kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi, na mpya utakayonunua itakufa vilevile. Ikipita 15, regyuleta haidhibiti tena na inachemsha betri.

Na maji ya betri yakipungua, kinachoongezwa ni maji yaliyochujwa kwa mvuke, si asidi. Asidi hutiwa mara moja tu, betri ikiwa mpya na kavu. Kinachopotea siku hadi siku ni maji. Ukiongeza asidi unaongeza ukali unaokula bati za ndani ya betri.

Dhana: Ukibonyeza stata ikasema "tak", mota ya stata imekufa.

Mlio huo hautoki kwenye mota. Unatoka kwenye rilei ya stata, swichi ya umeme mkubwa yenye nati mbili nene, iliyo karibu na betri. Kila mlio una habari yake. "Tak" moja nzito kisha kimya: rilei imevuta, lakini umeme mkubwa haupiti au mota haiupokei. "Tak-tak-tak" za haraka: betri ni dhaifu, rilei inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Kimya kabisa: amri haifiki kwenye rilei, kwa hiyo angalia kitufe cha stata, swichi ya klachi, swichi ya nyutro na fyuzi, kabla hujagusa kitu kingine.

Kwa "tak" moja, kuna kipimo kinachomaliza ubishi, nacho ni kupima volti zinazopotea njiani wakati stata imebonyezwa. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo chanya ya betri na mwingine kwenye nati ya mota ya stata, kisha bonyeza. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna kizuizi upande huo. Gawanya njia: betri hadi nati ya kwanza ya rilei, kisha nati ya kwanza hadi ya pili. Nusu yenye volti nyingi ndiyo mbovu. Mara nyingi ni migusano ya ndani ya rilei iliyoungua, na rilei nzima ni bei ndogo kuliko mota.

Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi, usisahaulike, na ndio unaosahaulika. Nguzo hasi ya betri hadi bodi ya injini yenyewe, stata ikiwa imebonyezwa, isizidi volti 0.2 au 0.3. Ikizidi, fungua ncha ya waya wa ethi, kwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Mombasa, Tanga, Unguja na kokote penye upepo wa chumvi, kazi hii ni ya kurudiwa kila mwaka, kwa sababu kijani kile cha shaba hutambaa hadi ndani ya waya chini ya plastiki.

Volti zikifika vizuri kwenye mota na ethi ni safi, hapo sasa laumu mota. Ikizunguka baada ya kugongwa polepole kwa mpini wa bisibisi, makaa yake yamelika au yamenasa. Ikizunguka kwa kelele nyepesi bila kuigeuza injini, kilichokwisha ni klachi ya stata ndani ya injini, na kubadilisha mota hakutasaidia chochote.

Kuziunganisha nati mbili za rilei kwa bisibisi ni kipimo halali, ila ni chenye cheche kubwa. Hakikisha gia iko nyutro, maana njia hiyo inaruka swichi zote za usalama, na usifanye penye harufu ya petroli.

Dhana: Fyuzi haijakatika, nimeitazama.

Fyuzi inaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele usioonekana, au kishikio chake kimelegea na kuungua. Pima volti pande zote mbili za fyuzi ikiwa mahali pake, swichi ikiwa imewashwa. Chini ya hapo ni kubahatisha.

Dhana: Betri ikifa, pikipiki haiwezi kuwaka hata kwa kiki.

Inategemea CDI. Pikipiki nyingi za ukoo wa CG zina CDI ya AC, inayopata umeme wake kutoka koili maalumu iliyo kwenye sumaku ya injini. Hiyo haijali betri. CDI ya DC hutegemea betri, na betri ikishuka sana hakuna cheche, upige kiki au usukume. Kuijua yako, toa fyuzi kuu kisha piga kiki. Ikiwaka, ni AC. Izime mapema bila kuvuta mafuta, kwa sababu bila betri volti hupanda na kuunguza balbu.

Ukishajua una CDI ya AC, unajua pia kwamba cheche ikipotea, betri haina kesi. Kwenye mfumo huo swichi haikati umeme, bali inaupeleka waya wa kuzimia kwenye ethi. Kwa rangi za Honda ni mweusi wenye mstari mweupe. Maji yakiingia kwenye swichi ya hendo, au waya ukichubuka na kugusa fremu shingoni, injini inazimwa bila amri ya mtu. Pikipiki inayogoma baada ya mvua ya masika au baada ya kuoshwa kwa presha ianzie hapa. Chomoa waya huo kwenye CDI: cheche ikirudi, CDI ni nzima na ugonjwa uko kwenye swichi au waya wake. Ukifanya hivyo ufunguo hautaizima injini tena, kwa hiyo izime kwa kukanyaga breki, kuingiza gia na kuachia klachi taratibu.

Ukiwa hapo, rudisha waya huo, geuza hendo kulia hadi mwisho, kisha kushoto, huku injini ikinguruma. Ikikata upande mmoja, kuna waya uliochubuka unaogusa fremu, au, kwenye CDI ya DC, uliokatika shaba ndani huku ganda likiwa zima. Shingoni ndipo unapokunjwa kila siku.

Dhana: Nimetoa plagi, nimeona cheche, kwa hiyo upande wa umeme uko sawa.

Cheche kuruka hewani ni kazi rahisi. Ndani ya silinda, hewa ikishashindiliwa, inahitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lilelile la milimita 0.6 hadi 0.7. Koili ya plagi iliyochoka hutoa cheche nje na kushindwa ndani. Tumia kipima cheche chenye pengo la milimita 6 hivi. Cheche ya buluu inayoruka hapo kwa kila kiki ndiyo ya kuaminika. Kibanie kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, kwa kuwa mvuke wa petroli unatoka humo. Usipige kiki kofia ya plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa ethi, hilo linaweza kuua CDI.

Kofia ya plagi yenyewe huchomoka kwa kuizungusha. Nyingi zina kizuizi cha omu 5,000 ndani. Ukisoma makumi ya maelfu, au mita isisome kitu, itupe. Ncha ya waya mnene ikiwa ya kijani, kata nusu sentimita na uirudishe.

Dhana: Ikigoma ikiwa ya moto, CDI imekufa.

CDI hulaumiwa kwa sababu haifunguki na hakuna anayeweza kuona ndani. Kuna watuhumiwa watatu wa kupimwa kabla yake, na wawili wa kwanza hupimwa pikipiki ikiwa imegoma, kando ya barabara, si baada ya kupoa.

Wa kwanza ni njia ya petroli. Fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga petroli kwenye chupa, mbali na moto na sigara. Ikitiririka vizuri kisha ikapungua hadi matone, fungua kifuniko cha tangi. Mtiririko ukirudi, tundu la hewa la kifuniko limeziba: petroli ikitoka na hewa isiingie, tangi linajivuta na kuzuia mafuta. Dalili yake ni kuzima baada ya mwendo wa dakika kumi au ishirini na kuwaka vizuri baada ya kupumzika, jambo linalofanana kabisa na ugonjwa wa joto. Mtiririko usiporudi, tazama chujio la koki na kutu ya tangi.

Mtuhumiwa wa pili ni koili ya pikapu pembeni ya sumaku, ile inayoiambia CDI wakati wa kutoa cheche. Chomoa soketi yake na upime kati ya waya wa buluu wenye mstari mweupe na ule wa kijani. Kwa kawaida ni kati ya omu 100 na 300. Ikisoma sawa ikiwa ya baridi, na ikiwa ya moto mita ikaonyesha hakuna njia, uzi wake umekatika na joto ndilo linaloutenganisha. Nyumbani unaweza kuigiza joto hilo kwa kikausha nywele.

Wa tatu ni tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma, na hapa kuna dhana ndani ya dhana: kwamba tapeti zisizopiga kelele ndizo nzuri. Kadiri valvu na kiti chake vinavyolika, valvu hupanda na nafasi hupungua, kwa hiyo injini huwa kimya zaidi inavyozidi kuharibika. Valvu ikipata joto hurefuka. Isipokuwa na nafasi ya kurefukia haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, na kiki inakuwa laini mguuni. Kwenye CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa imepoa kabisa, afadhali baada ya kulala usiku. Toa plagi, zungusha hadi alama ya T kwenye sumaku ilingane na alama ya injini, na hakikisha roka zote mbili zinacheza. Kama moja imebana, zungusha duara moja zaidi. Ingiza geji: ya 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya 0.10 ikatae. Pima tena baada ya kukaza nati, maana kukaza kwenyewe husogeza skrubu.

Vyote vitatu vikiwa safi, ndipo uazime CDI ya pikipiki nyingine ya aina hiyohiyo ujaribu. Azima, usinunue.

Dhana: Ikikataa, vuta choki.

Choki ni ya injini baridi. Kwenye injini ya moto inamimina mafuta ya ziada na kulowesha plagi. Toa plagi uitazame: ikiwa imelowa, mafuta yapo na huenda yamezidi, kwa hiyo funga choki, fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki kadhaa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Na pikipiki isiyonguruma bila choki hata ikishapata joto ina jeti ndogo ya kabureta (kitundu cha kupitishia mafuta) iliyoziba. Izibue kwa hewa ya presha, kwa sababu waya wa chuma hupanua tundu lake.

Dhana: Ugonjwa usiojitokeza gereji hauwezi kupatikana.

Unategewa. Chukua balbu ya wati 5 yenye nyaya mbili. Funga mmoja kwenye nati ya mota ya stata na mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, kisha ibane balbu pale dereva anapoweza kuiona. Aendelee na kazi zake. Siku stata itakapogoma, atazame kitu kimoja tu: balbu ikiwaka na stata ikawa kimya, ni mota au ethi ya injini. Isipowaka, ni rilei, kitufe, fyuzi au betri. Kwa upande wa petroli, mpira wa mafuta wa plastiki angavu pamoja na chujio la kioo hufanya kazi hiyohiyo: injini ikizima, anatazama chini kabla hajagusa kiki.