Kabla ya Kununua Gari la Umeme Lililotumika, Jua Sasisho la Programu Linaweza Nini

Ukikaa kwenye kiti cha dereva cha Nissan Leaf iliyotoka Japani, usihangaike kwanza na skrini ya katikati yenye maandishi ya Kijapani. Tazama ukingo wa kulia wa dashibodi, penye vipande vidogo vilivyopangana kwenda juu, vinavyoonyesha afya ya betri, si chaji. Betri ikiwa mpya huwa 12. Kipande cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Kwa hiyo gari lenye vipande 11 limechakaa kuliko jicho linavyodhani, na asiyejua hilo huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wanunuzi wanaopita kwenye karakana ya chuo chetu huniuliza: "Mwalimu, si nitasasisha programu tu, vipande virudi?" Tumaini hilo nalielewa, maana limewahi kutimia. Mwaka 2018 Nissan ilitoa sasisho kwa Leaf za 2016 na 2017 zenye betri ya kWh 30 (kipimo cha umeme ambao betri hubeba), kwa sababu kompyuta ya betri ilikuwa ikionyesha uchakavu mkubwa kuliko uliopo. Baadhi ya wenye magari walitoka gereji vipande vimerudi. Betri ilikuwa ile ile. Kilichotengenezwa ni mizani. Lakini Leaf za mwanzo, za kWh 24, zilitoka bila mfumo wa kupoza betri kwa maji. Joto likishaila betri hiyo, hakuna programu ya kuirudisha.

Na sasisho huweza pia kupunguza. Mwaka 2019 Tesla ilituma sasisho lililoshusha volti ya juu ya betri katika baadhi ya Model S, na umbali wa safari ukapungua. Marekani wamiliki walishtaki, na shauri liliishia mwaka 2021 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 1.5, gharama za mawakili zikiwemo; magari yalikuwa 1,743, na kila mmiliki alipata kama dola 625.

Gharama inayoniuma zaidi ni ile isiyotokana na gari lenyewe. Walionunua Leaf mapema nchini Marekani waliweza kuwasha kiyoyozi au kuangalia chaji kwa simu, kupitia mtandao wa 2G. AT&T (kampuni ya simu ya huko) ikazima 2G mwishoni mwa 2016. Waliotaka huduma iendelee wakauziwa kifaa cha 3G kwa dola 199 hivi, na Februari 2022 hiyo 3G nayo ikazimwa. Uingereza, huduma ya Leaf zilizotengenezwa kabla ya Mei 2019 ilifungwa tarehe 1 Aprili 2024. Gari linatembea vizuri, magurudumu mazima, lakini sehemu ya kile mtu alicholipia imekufa.

Hapa kwetu Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, ila Leaf za mwanzo zilizokwisha kuingia zinauzwa mkono kwa mkono. Gari la soko la Japani liliundwa kwa huduma za Japani, hivyo muuzaji akikusifia uunganisho wake na simu, usiongeze hata shilingi kwa ajili hiyo.

Fundi akitaka kusasisha chochote, mwulize kwanza kama amefunga chaja kwenye betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayolisha kompyuta za gari wakati wa kazi. Umeme ukishuka katikati, kompyuta inaweza kubaki nusu ya zamani nusu mpya, isiwake tena. Nasisitiza hili kwa sababu chaja ya betri ni kitu cha kawaida gerejini, na kompyuta ya gari sivyo.

Kisha mwombe achomeke kisomeo kwenye tundu la OBD (la kusomea kompyuta za gari) chini ya usukani, afungue programu ya Leaf Spy kwenye simu, akuonyeshe namba iliyoandikwa SOH. Hiyo ni afya ya betri kwa asilimia. Kwa Leaf ya kWh 30, uliza kama sasisho la 2018 lilifanyika, maana bila hilo namba husoma chini. Piga picha ya skrini, na namba hiyo iandikwe kwenye mkataba wa mauzo pamoja na kilomita na tarehe, kabla hujatuma pesa.