Shingo na bega vikikaza: tazama kwanza unavyofanya kazi

Kila Januari inapokaribia, wagonjwa wanaoingia katika chumba chetu cha fiziotherapia hubadilika: mafundi cherehani wanakuwa wengi. Ni msimu wa sare za shule, oda zimejaa, na fundi anakaa kwenye mashine tangu asubuhi mpaka usiku. Mmoja wao, mama wa miaka arobaini na kitu, aliingia akiwa amejizungushia kanga shingoni. Akitaka kutazama pembeni, anageuka mwili mzima. Aliniambia amelala vibaya. Nilipomuuliza ni usiku gani huo, akahesabu kwa vidole: wiki tatu zilizopita.

Wengi huja na maelezo hayo. Nimelala vibaya, upepo umenipiga, mshipa umekaza. Nawaelewa, kwa sababu shingo hugoma asubuhi, na mtu hulaumu kitu cha mwisho alichokifanya. Nilimwomba mama yule anioneshe anavyoshona. Akavuta stuli, akainamisha kichwa hadi kidevu kikakaribia kifua, mabega yakapanda kuelekea masikioni, mikono ikanyooka mbele kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hapa ndipo panapouma."

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikikaa wima juu ya pingili 7 za shingo, mifupa hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukikiinamisha, kazi ya kukizuia kisidondoke huhamia kwenye misuli ya nyuma ya shingo, ile inayoanzia kisogoni na kutandaa hadi kwenye mabega na katikati ya mgongo. Beba ndoo ya maji karibu na kifua, kisha jaribu kuishika ukiwa umenyoosha mikono mbele: maji ni yaleyale, lakini mikono itaanza kutetemeka. Misuli iliyokazwa kwa saa nyingi hupata damu kidogo, huchoka, na hatimaye huuma. Ndiyo maana ukibonyeza bega unakuta sehemu ngumu inayouma hadi kichwani.

Kwa hiyo msusi anayeinamia kichwa cha mteja, mama anayenyonyesha huku amejikunja, kijana aliyeinamia simu kitandani na karani wa kompyuta wote wana shida moja na fundi wetu. Ongeza na mawazo. Mtu mwenye wasiwasi wa ada au mgonjwa nyumbani hupandisha mabega bila kujua, na asipolala vizuri maumivu huwa makali zaidi. Hilo si kujiendekeza. Ndivyo mwili unavyofanya.

Watu huniuliza mkao sahihi ni upi. Hakuna mkao utakaokaa nao saa sita mfululizo ukabaki salama. Kinachosaidia ni kuuvunja mara kwa mara. Kila baada ya nusu saa, inuka. Zungusha mabega kwenda nyuma mara kumi. Vuta kidevu nyuma taratibu, kama unayetaka kujitengenezea kidevu cha pili, shikilia kwa kuhesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi. Kisha laza sikio la kulia kuelekea bega la kulia bila kulipandisha bega, hadi usikie mvuto upande wa pili, kaa hivyo kwa sekunde 20 hadi 30, halafu ubadilishe upande. Mvuto unaruhusiwa. Maumivu makali au ganzi inayoshuka mkononi haviruhusiwi, ukivisikia, acha.

Kwa fundi wetu mazoezi peke yake yasingetosha. Nilimpa uzi na sindano. Alishindwa kuutunga mpaka aliposogeza uso karibu kabisa. Macho yake, kama ya wengi waliovuka arobaini, yalikuwa hayaoni vizuri karibu, na ndiyo yaliyokuwa yakiivuta shingo chini mchana kutwa. Tukampeleka kliniki ya macho akapata miwani ya kusomea. Nyumbani akasogeza taa karibu na sindano, akaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma ya meza ya cherehani ili uso wa meza umwelekee. Vitu vidogo hivyo vilimsaidia kuliko dawa zote za kuchua alizokuwa amenunua.

Maumivu mengi ya shingo ya aina hii hupungua ndani ya wiki chache. Siku za mwanzo kanda kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, kisha chezesha shingo polepole pande zote. Kuifunga kwa kola ya kununua dukani na kuikalisha kimya hudhoofisha misuli, na shingo huzidi kuwa ngumu. Usiku, mto ujaze nafasi kati ya kichwa na godoro bila kukisukuma juu. Mito yetu ya sufi ni mizuri, ila ikijazwa mno huikunja shingo usiku kucha, punguza sufi.

Kuna mambo mawili yananiumiza moyo. La kwanza ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, inayonunuliwa na kumezwa kama karanga, au kuchomwa sindano kila maumivu yanaporudi. Dawa hii inaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au ujauzito asiiguse bila ushauri wa daktari. La pili ni kuvunjwa shingo kwenye saluni. Kinyozi akimaliza kunyoa hushika kidevu na kisogo, anakigeuza kichwa ghafla hadi shingo ilie. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ikichanika, mtu anaweza kupata kiharusi akiwa kijana kabisa. Kubali akuchue mabega, shingo mwambie aiache.

Jambo jingine linalowatia watu hofu ni majibu ya eksirei. Mtu anaambiwa "pingili zimesagika", anarudi nyumbani anaogopa hata kuinama kuokota kijiko. Mabadiliko hayo huonekana kwa watu wengi wenye umri wa kati na kuendelea, wakiwemo wasiosikia maumivu yoyote. Yanafanana na mvi. Picha peke yake haisemi utaishi na maumivu, na si sababu ya kuacha kuchezesha shingo.

Bega nalo lina shida zake. Ikiwa linauma zaidi unapoinua mkono kutoka ubavuni kwenda juu, mara nyingi ni kano za misuli inayolizunguka, na mazoezi ya kuimarisha hulisaidia. Lakini kama huwezi kuchana nywele wala kufunga sidiria kwa nyuma, na hata mwingine akijaribu kukuinulia mkono haupandi, huenda bega limeganda. Hili huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Linaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Ukiwa nalo, omba upimwe sukari, maana wapo wanaojua kwamba wana kisukari kupitia bega.

Usikae nyumbani ukikanda ikiwa maumivu yameanza baada ya ajali au kuanguka, hata kama unatembea. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana ni dharura, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho la baridi au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, wala si kesho. Mkono unaopoteza nguvu, vidole vinavyoshindwa kufunga kifungo, miguu inayoyumba au mkojo unaotoka wenyewe vinaonyesha kwamba mishipa ya fahamu inabanwa. Na maumivu yasiyotulia hata usiku, pamoja na kukonda au kutokwa jasho usiku, yanahitaji uchunguzi, kwa sababu kifua kikuu na saratani hushambulia pingili pia.

Kama ni maumivu ya kawaida tu, lakini yamepita wiki sita, njoo utuone. Vaa nguo inayoacha shingo na mabega wazi, akina mama njooni na kanga ya kujistiri. Njoo na pakiti za dawa zote ulizomeza, picha za eksirei kama zipo, na mwombe mwenzako akupige picha ukiwa kazini bila wewe kujipanga.