Kozi Hupangwa Kuanzia Mwisho

Wahadhiri wengi wanapokabidhiwa kozi mpya huanza kwa kuorodhesha mada: wiki hii hili, wiki ijayo lile, mpaka muhula ujae. Kazi yangu ni kuandaa mitaala ya vyuo, na naamini kwamba orodha ya mada inapaswa kuja baadaye kabisa. Ralph Tyler, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alilieleza jambo hili tangu mwaka 1949, alipotaka mpangaji wa mtaala aanze na madhumuni, ndipo achague shughuli za kujifunzia, azipange na kutathmini matokeo yake.

Tuchukue kozi ya utangulizi wa takwimu. Muhtasari wa kozi unaahidi kwamba mwanafunzi ataweza kuchagua jaribio la kitakwimu linaloifaa data aliyonayo na kutetea uchaguzi wake, lakini mtihani wa mwisho unamtaka aeleze maana ya wastani na mchepuko sanifu, kisha akokotoe kwa fomula aliyopewa. Mwanafunzi husomea kitakachoulizwa, kwa hiyo stadi ya kuchagua na kutetea haitajengeka, hata mhadhiri awe hodari namna gani. Ni pengo hilihili alilolishughulikia mwanasaikolojia wa elimu John Biggs mwaka 1996, alipoandika kuhusu kuoanisha malengo, ufundishaji na tathmini. Mimi huwashauri wenzangu watunge swali la mtihani kabla ya kuandaa mhadhara wa kwanza: mwanafunzi apewe data asiyoijua, bila kutajiwa jaribio. Swali hilo likishaandikwa, mada zinazohitajika huonekana, na zisizo na kazi huonekana pia.

Kuziondoa hizo ndiko kugumu, maana kila mada ina mtetezi wake idarani. Hapo hesabu ya muda husaidia. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, hivyo kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180. Mihadhara ikichukua saa 45, zaidi ya saa 100 zinabaki kwa kusoma, kufanya mazoezi na kuandika, nazo zinahitaji kupangwa kwa uangalifu uleule.

Kwa mtaala mzima, idara hutengeneza jedwali linaloonyesha kila stadi inaanzishwa, inakuzwa na kupimwa katika kozi ipi. Mara nyingi uandishi wa ripoti hupimwa mwaka wa mwisho ilhali hakuna kozi iliyoufundisha. Kisanduku kitupu cha namna hiyo kijadiliwe, na kipate mhadhiri wa kukibeba, kabla idara haijapendekeza kozi nyingine mpya.